Baiskeli Namba Saba

Alhamisi, saa kumi jioni

Shemeji aliichora mitaa ya katikati ya jiji kwa nywele za watu.

Kinyozi alikuwa amefunga duka mapema, akazifagia nywele zote za siku ile hadi chumba cha nyuma, na Shemeji akachuchumaa kuzipanga sakafuni kwa kidole. Mstari mnene ulikuwa barabara ya benki. Mwembamba ulikuwa uchochoro wa masonara. Kifuniko cha kopo la poda kilikuwa uwanja wa mnara wa saa, na kutoka hapo mstari mwingine ulipanda hadi mguu wa kiti. Hicho kilikuwa kilima. Feni ilikuwa imezimwa ili jiji lisipeperuke.

Wanaume wanne walilizunguka. Shemeji ndiye mkubwa wao, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama ili waisikie. Kinyozi alikuwa mwenye duka na mwenye vidole vyepesi. Fundi alitengeneza baiskeli, na maneno aliyatoa kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Wa nne aliitwa Kengele.

Kengele hakuwa jambazi. Alikuwa mwongoza watalii. Kwa miaka mingi aliwatembeza wageni katikati ya jiji kwa baiskeli za umeme, yeye mbele juu ya baiskeli nyekundu, akipiga kengele kila kona. Jina likazaliwa hapo. Dada yake aliolewa na mkubwa wa genge, ndipo Kengele akaanza kumwita shemeji, na wengine, ambao hawakuwa na undugu wowote naye, wakaiga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Ijumaa asubuhi, tarishi wa sonara mmoja alitoka benki na mkoba wa dhahabu akatembea kwa miguu hadi dukani. Kwa miguu, kwa sababu magari yamezuiwa kuingia eneo hilo na nguzo za chuma zimesimama kwenye kila mlango wa barabara. Kinyozi angempokonya mkoba pale uchochoro unapobana. Saa ileile msafara wa watalii ungekuwa unapita. Mkoba ungeangukia katika kikapu cha mtalii wa mwisho, chini ya koti la mvua. Mtalii huyo angekuwa Shemeji, kofia ngumu kichwani, kizibao cha njano mwilini, kama wenzake wote.

"Halafu tunakimbilia wapi?" Kinyozi akauliza.

"Hatukimbii," Shemeji akasema. "Polisi wanamtafuta anayekimbia. Sisi tunaendelea na ziara. Tunasimama mnarani, tunasikiliza historia, tunapiga picha. Tunapanda kilima pole pole, na juu kule Fundi anatungoja na gari la mkate."

Waliutazama mpango ule. Ulikuwa mzuri. Hata Kengele, ambaye hakuutaka, aliona kwamba ulikuwa mzuri.

Lilibaki jambo la kamba. Wafanyakazi wa kampuni ya ziara waliliita hivyo, ingawa hapakuwa na kamba ya kuonekana. Mota ya kila baiskeli ya mgeni ilisikiliza baiskeli nyekundu ya mwongozaji. Mgeni akipotelea mbali, mota yake ilizimika, na ile baiskeli nzito ikabaki chuma cha kusukuma. Nyekundu ikizimwa, zote zilizimika. Kwa hiyo wote walipaswa kukaa karibu na Kengele, mwanzo hadi mwisho.

"Yaani sisi vifaranga," Kinyozi akasema, "na huyu ndiye mama kuku."

Wakacheka. Shemeji akamuuliza Fundi kama kamba hiyo inaweza kukatwa. Fundi, ambaye wiki ile alikuwa na baiskeli namba saba karakanani kwake kwa ajili ya breki, alijibu kwamba haiwezekani. Alijibu huku akitazama kucha zake zenye grisi.

Shemeji akalifuta jiji kwa kiganja.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni

Dada alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Tumbo lilimfika magotini. Kengele alisimama mlangoni kama mgeni.

Baba yao alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, na hakuna aliyemwona tena. Kisha mama akafa. Dada aliacha shule akamlea mdogo wake kwa kufua nguo za majirani, na hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia.

Kengele alimwambia angali na nafasi ya kujitoa. Alimwambia yeye si mwizi.

"Najua," dada akasema. "Ndiyo maana nakutuma wewe. Hao wengine wataangalia mzigo. Wewe utamwangalia yeye."

"Mzuie asiende."

"Nimemzuia mpaka sauti imenikauka." Alilaza kijinguo juu ya kingine akakipapasa. "Mdogo wangu, mimi nilikua nikitazama mlango. Sitaki na huyu naye akue akitazama mlango. Nirudishie mume wangu. Akirudi mikono mitupu, ni sawa. Arudi tu."

Kengele akasema atamrudisha.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi

Baiskeli sita zilisimama uani, zimepanguswa, betri zimejaa. Wageni walikuwa watano. Maharusi wawili walioshikana mikono kana kwamba mmoja atapeperuka. Mwanamume mwenye kamera. Bibi mmoja mzee, mfupi, aliyevaa sketi ndefu ya buluu na viatu vya kufungwa. Na Shemeji, aliyejiandikisha kama mfanyabiashara mwenye mapumziko ya siku moja.

Kengele alifanya kama afanyavyo kila siku. Alimsimamisha kila mgeni kando ya baiskeli, akainua kiti hadi usawa wa nyonga, akakaza. Mkono wake uliijua kazi hiyo hata moyo ukiwa mahali pengine. Alipofika kwa bibi, alitafuta fremu ya kuinama katikati, ile wanayopewa waliovaa sketi. Uani siku hiyo ilikuwa moja tu. Namba saba, iliyorudi jana kutoka kwa Fundi.

Shemeji alikuwa ameshaishika.

"Hii yangu," akasema.

Kengele akamwambia kwa adabu ya kikazi kwamba hiyo ni ya mama, na kwamba mtu wa urefu wake angegongesha magoti kwenye usukani. Shemeji akasema nyonga yake mbovu, hawezi kurusha mguu juu ya fremu. Alitabasamu aliposema hivyo, lakini vidole havikuachia kiti.

"Mpe tu kaka, mwanangu," bibi akasema. "Mimi nitapandisha sketi. Miguu yangu walishaiona wote waliotaka kuiona, na wengi wao wamekufa."

Maharusi wakacheka. Mwenye kamera akageuka kutazama. Mtu mrefu aking'ang'ania baiskeli ya kike mbele ya bibi mzee, watu humkumbuka. Kengele aliliona hilo, akamtazama shemeji yake kwa macho ya kusema: usituharibie. Basi Shemeji akaachia. Akapewa namba nne. Alipoipanda, nyonga ile mbovu haikumsumbua, na uso wake ulikuwa umekauka.

Kengele alidhani ni woga. Akamhurumia.

Saa tatu asubuhi

Waliingia katikati ya jiji bila sauti. Huo ndio uzuri wa baiskeli hizo. Unapita kati ya watu kama wazo. Kengele aliwaonyesha jengo la posta lenye nguzo zilizopakwa chokaa, soko la vitambaa, ukumbi uliokuwa sinema na sasa ni ghala la magodoro. Alisimulia yaleyale ya kila siku, akachekesha palepale pa kila siku.

Nyuma ya posta bibi aliomba wasimame kidogo. Alitaka kuona dirisha moja ghorofa ya pili. Alisema nyuma ya dirisha hilo alipiga chapa barua za watu kwa ujana wake wote, na mumewe alikuwa akisimama chini hapo jioni akijifanya anasoma gazeti.

"Alikuwa hajui kusoma," bibi akasema. "Nilikuja kugundua baadaye. Jioni zote zile alikuwa anatazama picha."

Alilitazama dirisha, akafuta pua, akasema twendeni.

Shemeji, nyuma kabisa, alitazama saa yake. Kengele akapiga kengele, wakaondoka.

Saa nne kasorobo

Tarishi alitokea benki akiwa na mkoba mdogo wa ngozi, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kengele alimwona kwa mbali, akapunguza mwendo kama walivyopatana. Uchochoro ukabana. Kinyozi alitoka mlangoni mwa duka la vifungo akamgonga bega, akaushika mkoba, akavuta.

Mkoba haukutoka.

Tarishi alikuwa ameufunga kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda, ndani ya mkono wa shati, mahali ambapo macho yao hayakuwahi kufika katika Ijumaa zote walizompeleleza. Walivutana. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri, na Kinyozi akafanya kile ambacho mkono wake umezoea kufanya. Alitoa wembe. Alikusudia mkanda. Alikata mkanda, akakata na kilichokuwa chini yake.

Sauti aliyotoa tarishi, Kengele hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alitaka kugeuka. Kwa miaka yote ya kazi, kukitokea kelele nyuma yake aligeuka, akahesabu wageni wake. Safari hii alijilazimisha kutazama mbele. Alisikia kitu kinaangukia kikapuni, koti la mvua likichakarika. Kisha viatu vya Kinyozi vikienda, haraka kuliko walivyopatana, na wachuuzi wakipiga kelele ya mwizi. Hakufika mbali. Walimwangusha mbele ya duka la vitambaa na kumkalia mpaka polisi walipokuja.

"Kuna mtu ameumia," bibi akasema.

"Polisi watamsaidia, mama," Kengele akajibu. "Tuendelee."

Ndilo neno alilokuja kulikumbuka kuliko yote. Tuendelee.

Saa nne na dakika chache

Uwanja wa mnara wa saa ulikuwa na jua na njiwa. Kengele aliwapanga wageni kivulini, akaanza kusimulia jinsi saa ile ilivyoletwa kwa vipande. Sauti yake ilikuwa shwari, akaistaajabia mwenyewe. Shemeji alisimama mwisho wa mstari, miguu miwili chini, akitazama mnara kama mtalii. Mpango ulikuwa bado mzima. Ulihitaji tu watu wawili wasimame tuli.

Askari wawili wakaingia uwanjani. Mmoja alikuwa kijana, mwenye jasho. Akasema kila mwenye mzigo aufungue. Wakaanza na mwenye kamera.

Kengele alimtazama shemeji yake, akamwonyesha kiganja kilicholala, kama unavyomtuliza mbwa. Subiri. Koti la mvua ni koti la mvua. Lakini chini ya kikapu cha namba nne tone jekundu lilikuwa limeanza kudondoka juu ya mawe meupe, tone, kisha lingine, na Shemeji alikuwa ameliona kabla ya wote.

Akatoka nduki.

Alikata kona ya mnara akaushika mteremko wa kilima, kizibao cha njano kikijaa upepo. Askari akapiga filimbi. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja. Bi harusi akapiga kelele, na bibi mzee, kwa hofu, akabana kipini cha mota badala ya breki, baiskeli ikamchukua. Ilimshusha barabara ya mfereji, nyoofu kama rula, yeye ameng'ang'ania usukani asijue la kufanya.

Askari wa pili alimshika Kengele begani. Kwa hiyo hakusogea. Alisimama pale na baiskeli yake nyekundu, akayaona yote mawili.

Juu, katikati ya kilima, namba nne ilizimika. Aliona jinsi ilivyokufa. Shemeji alikanyaga pedeli mara mbili tatu akiwa amesimama, chuma kikakataa, akashusha mguu.

Chini, kwenye mfereji, bibi alilifikia daraja la kwanza. Hapo ndipo kamba ilipokatika siku zote. Wageni wangapi Kengele amewafuata pale kwa miguu, akisukuma baiskeli zao na kuwatania? Namba saba ililipita daraja la kwanza bila kupunguza mwendo. Ikalipita la pili. Kizibao cha njano kikawa kidogo, kikawa nukta, mota bado inaimba.

Kengele akaelewa. Nyonga mbovu. Vidole visivyoachia kiti. Kucha za Fundi. Walikuwa wamekata kamba ya baiskeli moja, na haikuwa kwa ajili yake. Mzigo ungepanda kilima ukaingia garini, na yeye angebaki hapa chini na historia ya saa, akiulizwa maswali.

Shemeji aligeuka kule juu. Umbali ulikuwa mkubwa, uso hauonekani. Aliinua mkono akamwita, kwa kile kiganja cha kuvuta hewa tunachomwitia mtoto. Njoo. Bila wewe siendi.

Angeweza kukaa. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na askari begani, na wageni watatu waliokuwa wakitetemeka, na bibi wa kumfuata mferejini. Alimfikiria dada akikunja vijinguo.

Kengele alijinyofoa, akakanyaga.

Alipanda kilima kwa nguvu zote za mota na za miguu. Alipokaribia kidogo aliona namba nne inashtuka kama mtu aliyeamshwa, ikaanza kupanda tena. Shemeji hakugeuka. Hakumsubiri. Kengele alimfuata akihakikisha kamba haikatiki, akiangalia mgongo ule wa njano tu, na mawazo yake yalikuwa mafupi: bado kona mbili, bado moja, panda, baba wee, panda.

Askari kijana alikuwa amepitia ngazi za mkato. Alitokea ubavuni akamrukia. Kengele aliona mbingu, kisha ukingo wa barabara. Mfupa wa bega ulilia kama kijiti kikavu. Baiskeli nyekundu ililala ubavu karibu na kichwa chake, gurudumu likizunguka, na askari, akihema, akiwa anatafuta pingu, alikerwa na mlio wa mota. Akainama akageuza ufunguo.

Kimya.

Kule juu, hatua chache kabla ya kona ya mwisho, Shemeji alisimama. Fundi alisikia filimbi, akawasha gari la mkate, akaondoka zake. Walimkamata Shemeji akiwa bado ameshika usukani, akiisukuma baiskeli kupanda mlima.

Siku ya kutembelea wafungwa

Mvua za mwanzo zilikuwa zimeshapita dada alipokuja. Kesi ilikuwa imekwisha. Tarishi alifika mahakamani na mkono ambao vidole vyake viwili havikunji tena. Fundi alitoroka, na hajulikani alipo. Shemeji aliamua kueleza yote kabla hajaulizwa, akaelekeza lawama pale zilipomfaa, na hukumu yake ikawa fupi kuliko ya mtu yeyote. Kuhusu namba saba hakueleza. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu bibi alirudishwa na wapita njia akiwa mzima, na polisi hawakuona ajabu yoyote katika baiskeli inayokwenda.

Dada alianza kwa mumewe. Kengele alijua, maana alimwona akipita ukumbini na mtoto kifuani, akakaa upande wa pili muda mrefu. Alipofika kwake hakusalimia. Kati yao palikuwa na wavu wa chuma na benchi lililosuguliwa na makalio ya watu wengi.

"Mwenzako amenieleza," akasema.

Kengele akasogea karibu na wavu.

"Alikuwa anafika. Kona moja tu. Ukazima baiskeli yako." Alisema kwa utaratibu, kama mtu aliyeyarudia njiani. "Anasema uliogopa kufungwa peke yako. Nikamwambia hapana, mdogo wangu simjui hivyo. Nimekuja nikusikie wewe. Niambie ilikuwaje, nami nitakuamini."

Alikuwa amekonda. Mtoto alilala, mdomo wazi, ngumi imekazwa juu ya ziwa la mama. Kengele alikuwa na maneno yote mdomoni, yamejipanga kama wageni wake mnarani. Yalikuwa machache na ya kweli. Kamba iliyokatwa. Nani aliikata na kwa nini. Nani alimfuata nani mlimani. Dakika moja tu ingetosha, na dada angeamini, maana hakuwahi kumdanganya.

Na baada ya hapo? Angerudi kwenye chumba kile na mtoto, na mume wake siku ya kutoka angeukuta mlango umefungwa. Dada hakuwa mtu wa kusamehe jambo la namna hiyo. Kengele mwenyewe alikuwa na miaka mingi ya kukaa humu. Shemeji alikuwa na michache. Mtoto angejifunza kutembea baba yake akiwa hayupo, lakini angejifunza kusoma baba akiwa nyumbani. Alimwahidi dada kwamba atamrudisha. Kazi aliyotumwa ilikuwa haijaisha.

"Niliizima," akasema.

Dada alimtazama.

"Wewe?"

"Mimi. Niliogopa."

Alidhani atalia, au atamtukana. Hakufanya hivyo. Aliinua mkono kama anayetaka kumweka sawa kola, kama alivyofanya kila asubuhi ya shule, mkono ukakutana na wavu, akaurudisha. Akavuta khanga akamfunika mtoto uso. Akamwambia askari kwamba amemaliza, ingawa muda ulikuwa haujaisha.

"Dada," Kengele akasema. "Anaitwa nani?"

Lakini alikuwa ameshampa mgongo, na pale ukumbini kila mtu alikuwa akiongea na mtu wake.